Mguu unauma, lakini wapi?

Mwezi huu tunaanza na kosa letu sisi walimu. Mtoto mmoja wa darasa letu alianguka kwenye mpira, akalia: "Mwalimu, mguu unaniuma!" Tukampeleka kwa muuguzi, tukajidai Kiingereza, tukasema "foot". Muuguzi akaangalia unyayo na vidole, hakuona kitu. Siku mbili baadaye ndiyo tukajua: mfupa wa chini ya goti ulikuwa umepasuka.

Kwetu mguu ni wote, toka paja mpaka vidole. Wenyeji wetu wa hapa Gisenyi wanagawa: ukuguru, halafu kule chini ni ikirenge. Waingereza nao wanagawa, "leg" na "foot". Na hiyo "leg" waliikopa kwa watu wa Skandinavia zamani sana. Leo huko Uswidi mguu ni "ben", na mfupa pia ni "ben"! Wenzetu waliohamia kule wanajifunza upya, kama siye hapa.

Basi wazazi, mkifika kwa muuguzi msiseme "mguu" tu mkanyamaza. Mwambieni mtoto aweke kidole pale panapouma: paja, goti, muundi, kisigino ao unyayo. Hapo hata asiyejua lugha yenu ataelewa.

Yule mtoto sasa anakuja darasani na gongo. Tumemuomba msamaha yeye na mama yake, na wamekubali.

Sisi walimu wenu wa kujitolea.