Njia Itokayo Kakuma Hadi Paris

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi jirani ya Kenya, kiasi cha kilomita 120 kupita mji wa Lodwar, msafiri hufika Kakuma. Mto Tarach ulio kando ya mji ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua inyeshapo hufurika ghafla, kisha hukauka tena. Jua ni kali, upepo hubeba vumbi, na kivuli cha kutegemewa ni cha miarobaini. Waandishi kadhaa wa ng'ambo wameeleza kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipojulikana. Msomaji wa ukurasa huu atacheka, maana Kiswahili hakina neno hilo, na wenyeji wa hapo ni Waturkana.

Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, walipowasili vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, ina watu karibu 300,000: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Wahabeshi na wengineo. Kuna shule, misikiti, makanisa, maduka, na mikahawa ya Wahabeshi yenye kahawa bora kuliko ile ya miji mingi mikubwa. Hata hivyo wengi huishi kwa mgao wa chakula, ambao ulipunguzwa mno mwaka 2025.

Ni kambini humo ambamo mawakala wa mitindo wa Ulaya wametafuta vijana wa kuwapeleka majukwaani. Kazi hiyo humtaka mwanamke mwembamba, mwenye urefu wa sentimita 175 hivi au zaidi, na miongoni mwa Wadinka na Wanuer watu warefu hawatafutwi kwa taa. Tena mifano ipo. Alek Wek, aliyezaliwa Wau na kukimbilia London mwaka 1991, alionwa sokoni huko mwaka 1995 akawa mashuhuri duniani. Adut Akech aliishi Kakuma utotoni kabla ya kuhamia Australia. Mwaka 2018 alifunga maonyesho ya Chanel jijini Paris akiwa amevaa vazi la bibi harusi. Halima Aden, Msomali aliyezaliwa Kakuma mwaka 1997, alipita majukwaani akiwa na hijabu yake, kisha mwaka 2020 akaiacha kazi hiyo kwa kuona haipatani na imani yake. Wote watatu, lakini, walikwisha kupata makao katika nchi nyingine kabla ya kuanza kazi. Anayeanzia kambini hana bahati hiyo.

Mwanzo huwa mdogo. Binti hupimwa kifua, kiuno na nyonga kwa utepe wa fundi cherehani. Hupigwa picha mbele ya ukuta, bila poda, nywele zimerudishwa nyuma, uso mbele na ubavuni. Hufundishwa kutembea kwa viatu vya visigino virefu juu ya ardhi ambayo hata kandambili huichukia. Picha hutumwa kwa simu, nazo hujibiwa kutoka miji ambayo mama yake hajapata kuisikia. Ndipo huanza safari ya makaratasi: kibali cha kutoka kambini, hati ya kusafiria ya mkimbizi, viza, na njia ya kilomita zipatazo 800 hadi Nairobi.

Akifika Ulaya, kazi yenyewe huwa nyingi kwa miguu na chache kwa mwanga wa taa. Misimu mikubwa ya maonyesho ni miwili, ule wa Februari na Machi na ule wa Septemba na Oktoba, nayo huzunguka New York, London, Milan na Paris. Mwanamitindo huamka mapema, hupita ofisi baada ya ofisi, hupanga foleni na wenzake, hutembea hatua chache mbele ya watu walioketi mezani, na huambiwa ahsante. Hiyo ahsante haina maana ya ndiyo. Akichaguliwa, hujaribishwa nguo hata usiku wa manane, na bado anaweza kuondolewa asubuhi ya onyesho. Jioni hurudi kwenye chumba anacholala na wasichana wengine.

Chumba hicho si zawadi. Kodi ya kitanda, nauli ya ndege, gharama za viza, picha za kujitangaza na fedha za matumizi, vyote huandikwa daftarini na wakala kuwa mkopo, na hukatwa katika malipo kabla binti hajashika senti. Wakala naye ana asilimia yake, ambayo kwa kawaida ni 20 au zaidi. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la London lilichapisha uchunguzi juu ya vijana wa Kakuma waliopelekwa Ulaya, wakakosa kazi za kutosha, wakarudishwa kambini wakiwa na deni. Wapo walioambiwa wanadaiwa karibu euro 3,000, yaani zaidi ya shilingi 400,000 za Kenya. Mawakala hujitetea kwamba wao ndio waliotia fedha zao hatarini. Utetezi huo una chembe ya ukweli, ila mwenye kuweka hesabu ni wakala peke yake.

Sheria hazikukosekana. Tangu 2017 Ufaransa humtaka mwanamitindo awe na cheti cha daktari, na mwaka huohuo kampuni za LVMH na Kering ziliahidi kutowatumia walio chini ya miaka 16 kuonyesha mavazi ya watu wazima. Sheria ya New York iliyoanza kutumika mwaka 2025 inawakataza mawakala kudai ada ya kujiunga. Lakini mkataba wa binti wa Kakuma huletwa kwenye skrini ya simu, kwa Kiingereza cha wanasheria, na jibu hutakiwa upesi kwa kuwa msimu umekaribia. Mama yake, aliyesimama kando na dumu la maji, huuliza jambo moja tu: nauli ya kurudi italipwa na nani?