Mpishi wa Jeshi Katika Foleni ya Chennai

Mtu aliyepata kuwa mpishi wa mesi hawezi kula chakula cha mwingine kwa amani. Mimi nilitumika katika majiko ya jeshi letu kwa miaka ishirini na miwili, nikastaafu nikiwa sajenti, na posho na maharagwe niliyoyapika katika muda huo yangejaza malori. Kwa hiyo niingiapo mahali pa kula, jicho langu halitazami meza wala mapambo ya ukutani. Hutazama mlango wa jikoni, mvuke, mikono ya wapishi, na kasi ya foleni.

Mwaka 2023 jicho hilo lilitufaa sana, mimi na binti yangu, katika mji wa Chennai, kusini mwa India, mji ambao hadi mwaka 1996 uliitwa Madras. Nayaandika haya kwa kuwa najua kambini mwetu na katika mistari ya polisi wamo wazazi wanaojiandaa kwa safari kama ile, nao wakiulizana habari za safari huulizana juu ya viza na madaktari tu. Hakuna aulizaye atakula nini.

Binti yetu wa mwisho alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na alikuwa na tundu katika moyo. Malipo ya hospitali yalipatikana kwa michango ya wenzangu wa kikosi, na kwa kuuza ng'ombe wawili, nayo yalitangulia kulipwa. Mama yake alibaki nyumbani na wadogo wa dada yake. Mimi nilifungasha mkononi fedha za malazi na chakula kwa siku 28, ambazo zilipobadilishwa zilikuwa rupia 45,000. Wakati ule rupia moja ilikuwa kama shilingi 45 za Uganda. Niliona nimejipanga vema.

Chumba chetu kilikuwa katika nyumba ya wageni karibu na hospitali, rupia 900 kwa siku. Chini yake palikuwa na mahali pa kula penye kiyoyozi na orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza, na sisi wageni wagonjwa tulijaa mle kwa woga tu, kwa kuwa hatukujua pengine pa kwenda. Siku tano za kwanza tulikula hapo. Binti yangu alionja vijiko viwili akalia kwa pilipili, mimi nikamalizia, na kila siku zikatoka rupia 1,000. Kuku wao alikuwa amepashwa moto zaidi ya mara moja. Hilo mpishi hulitambua hata kabla ya kuonja. Nilinyamaza, nikalipa.

Siku ya sita daktari akatuambia kwamba mtoto ana homa ya kifua, na kwamba haiwezekani kumpasua mpaka kifua kiwe safi. Tungekaa siku kumi na mbili zaidi. Kisha akaongeza neno lililonichoma kuliko lile la kwanza: mtoto amekonda mno, sharti ale.

Usiku ule nilifungua daftari. Siku arobaini za chumba ni rupia 36,000. Zilizokwisha kuliwa ni 5,000. Zilizobaki ni 4,000 kwa siku thelathini na tano, yaani rupia 114 kwa siku kwa watu wawili, mmoja wao akiwa mgonjwa anayepaswa kunenepeshwa. Mke wangu alipopiga simu kuuliza kama twala vizuri, nilimjibu kwamba twala vizuri sana.

Aliyenitoa gizani alikuwa mama mmoja aliyesafisha ngazi za nyumba ile. Tulikuwa tukisalimiana kwa Kiingereza cha kuokoteza. Yeye aliniita anna, ambalo kwa Kitamil ni kaka, maana watu wa huko, kama sisi, hawapendi kumwita mtu pasipo kumtia katika ukoo. Asubuhi ile aliniona nimeketi ngazini na daftari langu. Akauliza, nikamwonyesha tumbo na mfuko. Akacheka, akaniongoza kwa mkono hadi kwenye jengo dogo lenye picha ya mwanamke ukutani, na foleni ya watu imetoka hadi barabarani.

Mahali hapo huitwa Amma Unavagam, yaani mkahawa wa Mama. Mama huyo ni Jayalalithaa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa jimbo la Tamil Nadu, aliyefariki mwaka 2016. Mikahawa hii ilianzishwa Chennai mwaka 2013, ikawekwa chini ya halmashauri ya jiji, na wapishi wake ni wanawake wa vikundi vya kusaidiana. Bei ilipangwa kwa ajili ya mchukuzi na dereva wa bajaji: idli moja kwa rupia moja, wali wa sambar kwa rupia 5, wali wa mtindi kwa rupia 3, na jioni chapati mbili na mchuzi wa dengu kwa rupia 3. Ilipendwa hata serikali ya jimbo jirani la Karnataka ikafungua ya kwake mwaka 2017.

Nakiri kwamba sikuingia foleni mara moja. Nilisimama ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu. Mimi niliyekuwa nikisimamia foleni ya askari mia sita, nimekaripia makoplo kwa kupenya mstari, sasa nisimame na vibarua nikingoja chakula kinachogharimu pungufu ya peremende? Nilijiambia kwamba natazama usafi kwanza. Si kweli, nilikuwa naona haya. Kilichonisogeza ni mzee mmoja mwenye sare ya mlinzi wa lango, mgongo umenyooka kama fimbo, ambaye kwa jinsi alivyogeuka mstari uliposogea nilijua mara moja kuwa amepata kufunzwa gwaride. Nikasimama nyuma yake. Alinitazama miguuni, akanitazama usoni, akauliza, "Jeshi?" Nikaitikia. Akanipa nafasi yake mbele, nami nikaikataa, na tukabishana kwa ishara mpaka wale wa nyuma wakalalamika.

Unanunua tikiti kwanza, kisha unachukua sahani ya chuma cha pua, unakula umesimama mbele ya meza ndefu, unaondoka. Nilitazama jiko kama mkaguzi. Sufuria zilikuwa zinafuka. Chakula kilitoka motoni kikaingia tumboni, hakikupata nafasi ya kulala. Vilipikwa vyakula viwili tu asubuhi ile, na hii ni dalili kubwa. Jiko linalopika vitu viwili kwa watu mia tano lajua linachofanya, lakini jiko linalotangaza vyakula themanini kwa wageni kumi lina vingi vilivyolala pembeni vikingoja kupashwa. Chumvi ilikuwa sawa. Mchuzi ulikuwa mwepesi kuliko nipendavyo, wala sitaki kumdanganya msomaji kwamba ni karamu. Lakini nilikula idli tano kwa rupia tano, na sikusikia njaa mpaka adhuhuri.

Idli ni nini? Ni mchele na aina ya dengu nyeupe, ndugu ya choroko, vilivyolowekwa, vikasagwa pamoja, vikaachwa usiku kucha vichachuke, kisha vikapikwa kwa mvuke katika vikombe vidogo. Hakuna mafuta, hakuna pilipili. Sambar inayomwagiwa juu yake ni mchuzi wa mbaazi zilizopasuliwa, ukwaju na mboga, na mara nyingi hukuta ndani yake vipande vya matunda marefu ya mti wa mlonge, ambao hapa kwetu twauthamini kwa majani tu. Nafaka na jamii ya kunde katika sahani moja: ni hesabu ileile ya posho na maharagwe tuliyofundishwa jeshini, isipokuwa wao wameipika kwa upole zaidi.

Basi nikapanga hivi. Mimi ningekula kwa Mama mara tatu kwa siku: idli tano asubuhi, wali wa sambar na wali wa mtindi mchana, chapati nne jioni. Jumla rupia 19. Maji tulinunua katika chupa kubwa ya lita 20, kwa kuwa katika maji sikukubali kubana senti hata moja, nayo yalichukua kama rupia 10 kwa siku. Zilizobaki, 85, zilikuwa za mtoto peke yake.

Hapo penye mkahawa hawakuniruhusu kubeba chakula nje, na mtoto hakutakiwa kusimama penye msongamano. Nikatafuta kwa kufuata kanuni zangu, nikampata mama aliyepika idli chini ya mti kabla ya mapambazuko, sufuria mbili tu, na kabla ya saa tatu amekwisha kuuza zote na kuosha vyombo. Alizifunga kwa jani la mgomba na karatasi ya gazeti. Nilipolifungua fungu lile chumbani, binti yangu alichungulia, akasema, "Baba, hizi si sifongo za kuogea?" Nikamwambia aonje sifongo moja na sukari. Akala moja. Niliandika katika daftari: moja. Siku ya pili akala moja na nusu, pamoja na chatini ya nazi. Siku ya tano akala tatu na mayai mawili ya kuchemsha, kisha akaniuliza kwa nini mimi sili, nami nikamwambia nimekwisha kula mjini na wakubwa.

Mchana nilimpa mtindi na ndizi mbivu, baada ya kumwuliza daktari. Jioni, mbele ya nyumba yetu, palikuwa na kijana aliyekaanga parota, ndugu wa chapati zetu ila zina matabaka mengi. Wateja wakizidi huzikatakata juu ya bamba la moto pamoja na mayai, kwa vyuma viwili, kwa mlio unaosikika mtaa wa pili. Mtoto alisema ni rolekisi iliyopigwa vita. Sikumnunulia, kwa sababu ya mafuta, lakini kila jioni tulisimama dirishani kusikiliza.

Siku ya kumi na nane kifua kikawa safi. Nilikuwa nimejibania akiba ndogo kwa siku hiyo, nikampeleka kwa bajaji hadi Triplicane, mtaa wa zamani wenye msikiti mkubwa wa Wallajah, uliojengwa mwaka 1795. Wanaume wengi wanaofanya kazi mbali na makwao hupanga vyumba mtaa huo, na palipo na wanaume wasio na wake pana chakula cha bei nafuu. Huko nilipigwa na butwaa. Vibao viliandikwa "Mess", kimoja baada ya kingine, na pembeni kimoja kilichoandikwa "Military Hotel". Nilinyoosha shati, nikaingia, nikauliza kwa heshima ni kikosi gani. Mwenye sanduku la fedha alicheka hadi akafuta machozi. Alinieleza kwamba kwao mesi ni nyumba yoyote ya kulisha watu kwa chakula cha nyumbani, hoteli ni mahali pa kula tu, kama tusemavyo sisi, na "Military" ni alama ya kwamba hapo panapikwa nyama, tofauti na nyumba zisizogusa nyama kabisa. Wanajeshi, alisema, wajulikana kwa kula nyama. Sikumpinga.

Lakini nyama ilizidi mfuko wetu. Tulikwenda mesi ya jirani, tukatandikiwa majani ya mgomba. Binti yangu alistaajabu: sisi nyumbani huyatumia kufunikia matoke yapate kuiva, na hawa hulia juu yake. Wali ukawekwa katikati, mboga mbili, sambar, kisha rasam, ambao ni mchuzi mwembamba wa ukwaju na pilipili manga unaofungua pua, na mwisho mtindi. Mgawaji alipita na ndoo yake akiongeza wali bila kuulizwa, kwa bei ileile ya rupia 90. Tulikula kwa mkono wa kuume kama watu wote. Mtoto aliongezwa mara mbili. Nami nikaona vidole vyake, vilivyokuwa vya samawati tangu kuzaliwa kwake, vimepakwa wali, na sikuweza kuzungumza kwa kitambo.

Alipasuliwa siku ya ishirini na tatu. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana nilikaa katika benchi, na siku ile peke yake sikwenda foleni. Yule mama wa ngazi alinijia na kikopo cha wali wa mtindi kutoka kwake, akakiweka kando yangu, akaondoka pasipo neno. Saa nane daktari alitoka, akainua kidole gumba. Ndipo nikafungua kikopo.

Siku zake za wodini alikula chakula cha hospitali, na mimi niliendelea na rupia zangu 19, kwa hiyo akiba ikajijenga. Kwa rupia 550 nilimnunulia mke wangu sufuria ya idli yenye sahani zake za vikombe, nayo nilikuwa na kazi ya kumweleza nilivyoifahamu vizuri kiasi hicho.

Asubuhi ya kuondoka, nauli ya uwanja wa ndege ikiwa imefungwa katika leso, daftari lilionyesha rupia 90. Daktari alikuwa amemruhusu mtoto kutembea. Nilimpeleka kwa Mama mapema, kabla watu hawajajaa. Yule mlinzi alikuwapo. Alitazama vidole vya mtoto, akatupisha mbele, na safari hii nilikubali. Meza ilimfika kidevuni. Alikula idli sita amesimama, akazihesabu kwa sauti, na mimi nikala nne. Niliandika: idli kumi, rupia kumi. Zilibaki 80.