Jina Lililopotea Ng'ambo

Msafiri afikapo Cobh, bandari iliyo kusini mwa nchi ya Ireland, huona karibu na maji sanamu ya msichana na wadogo zake wawili. Msichana huyo ni Annie Moore. Zamani mji huo uliitwa Queenstown, na kati ya mwaka 1848 na 1950 watu wapatao 2,500,000 walipanda meli hapo kwenda kutafuta maisha ng'ambo.

Annie na wadogo zake, Anthony na Phillip, waliondoka Desemba 1891 katika meli iitwayo Nevada, kuwafuata wazazi wao New York. Tarehe 1 Januari 1892 kituo kipya cha kupokea wahamiaji kilifunguliwa katika kisiwa cha Ellis, na Annie akawa wa kwanza kuandikwa daftarini. Alitunzwa sarafu ya dhahabu ya dola 10.

Baada ya siku hiyo habari zake zikapotea. Moore ni jina la ukoo lenye watu wengi, kama Otieno au Mwangi kwetu. Kwa miaka mingi ilisadikiwa kwamba alihamia Texas, akafa huko mwaka 1923. Kumbe yule alikuwa Annie Moore mwingine, mzaliwa wa Marekani yenyewe!

Mwaka 2006 mtafiti wa nasaba, Megan Smolenyak, alifuata nyayo za Phillip, akavumbua kwamba Annie wa kweli aliishi New York siku zote. Aliolewa na Joseph Schayer, muuzaji katika soko la samaki, akazaa watoto wengi, baadhi yao wakafa wangali wadogo. Naye alifariki mwaka 1924, akazikwa katika kaburi lisilo na jiwe. Jiwe liliwekwa mwaka 2008.

Schayer ni jina adimu. Aliyelijua angaliweza kupekua madaftari ya mji na kuwafikia wajukuu upesi. Lakini aliyeshika Moore peke yake aliingia msituni pasipo njia.

Basi, wasomaji, jamaa yenu akivuka bahari, andikeni jina la baba yake, la ndugu zake, na la mume au mke atakayempata huko, pamoja na mwaka. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu ni vivyo hivyo.