Ubuyu wa Dodoma Mezani Pathum Thani

Kila niliyemwambia kwamba nakwenda Thailand alikuwa na ushauri wake wa zawadi, na karibu wote waliishia kwenye kinyago. Sikukubali. Kinyago cha Kimakonde asili yake ni kusini, mimi ni mtu wa Dodoma. Tena ni kizito, na asiyekiomba ataanza kuhangaika akiweke wapi. Nilikuwa nakwenda kwenye mafunzo ya ramani za kompyuta katika Taasisi ya Teknolojia ya Asia, AIT, iliyoko Pathum Thani, kaskazini kidogo ya Bangkok. Baadhi ya wenyeji wangu tulishazoeana kwa barua pepe na vikao vya mtandaoni, hivyo kwenda mikono mitupu isingekuwa adabu. Nilitaka vitu vidogo vya kwetu, vya kula na kugawana, visivyomwachia mtu deni.

Tabu ni kwamba Thailand ina karibu kila kitu. Ukwaju? Mkoa wao wa Phetchabun unasifika kwa ukwaju mtamu. Korosho wanalima kusini, kahawa inatoka milima ya kaskazini. Hata vito wametuzidi ujanja: mwaka 2008, rubi zilipovuma huko Winza, wilayani Mpwapwa, hapa hapa mkoani kwetu, wanunuzi wa Kithai walikuwa miongoni mwa waliokuja kuzifuata, kwa kuwa mji wao wa Chanthaburi unaishi kwa kukata na kuuza mawe ya namna hiyo. Jiwe la Mpwapwa wanalijua kuliko mimi, na bila vibali halivuki uwanja wa ndege.

Mvinyo ulinivuta kidogo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na habari hiyo peke yake ingetosha kuanzisha mazungumzo. Lakini forodha ya Thailand humruhusu msafiri lita moja tu ya kileo bila ushuru, yaani chupa moja ya kawaida, na wenyeji walikuwa wengi. Isitoshe, Mbudha anayeshika sawasawa amri tano za dini yake hagusi kilevi. Zawadi ya ofisini isimlazimishe mtu kueleza imani yake mbele za watu.

Nikaenda soko la Majengo.

"Mbukwenyi, mama," nilimwamkia muuza asali kwa Kigogo. Akafurahi, akanimiminia tone kiganjani: asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, nyepesi, yenye uchachu kwa mbali. Akaniuliza inakwenda wapi. Nikamwambia Asia, kwa Wathai.

"Waambie imetoka Manyoni, wasije wakadhani ya kiwandani. Na chupa usiijaze mpaka shingoni, mwanangu. Hii inapumua."

Alijua anachosema. Asali ya nyuki wadogo ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, hivyo huchacha upesi na kusukuma kifuniko. Nilichagua chupa ndogo, nikaacha nafasi juu, nikazifunga kwenye mifuko na kuzipanga katikati ya nguo za begi kubwa, maana vimiminika vya zaidi ya mililita 100 haviingii na abiria ndani ya ndege.

Meza ya pili ilikuwa ya ubuyu. Ukitoka mjini kwa njia yoyote utaikuta mibuyu imesimama mashambani, na kwa sababu tunaiona kila siku tunasahau kwamba kuna nchi ambako mtu anazeeka hajaonja tunda lake. Nilichukua uliopikwa kwa sukari, iliki na pilipili, wa pakiti zenye lebo, ili wakaguzi wasome wenyewe. Fundi cherehani wa jirani akanishonea vifuko kwa mabaki ya vitenge. Nilimwomba aepuke vitambaa vyeusi. Wathai nao huvaa nyeusi msibani.

Safari yenyewe haina mengi: treni ya SGR hadi Dar es Salaam, ndege hadi Addis Ababa, nyingine hadi Bangkok. Pale uwanja wa Suvarnabhumi, abiria anayetoka Tanzania hupita kwanza kwenye meza ya afya kuonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ndipo aende uhamiaji.

Ofisini nilianza na mkubwa wao, kwa kuwa Wathai huzingatia sana nani ni mkubwa, na kumpita kungewatia aibu wote. Yeye nilimpa marimba ndogo ya vidole, ala ambayo Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliizungusha duniani mpaka alipofariki mwaka 2003. Nilimkabidhi kwa mikono miwili. Akakutanisha viganja kifuani, akainamisha kichwa, kisha akaiweka kando bila kuifungua. Mgeni wa Kizungu angenywea. Mimi niliona sawa tu. Hata kwa bibi yangu mfuko wa mgeni hupelekwa ndani kwanza.

Ubuyu ndio ulionishinda kwa furaha. Pakiti ilifunguliwa kwenye meza ya chai, dada mmoja akamung'unya, akacheka, akatoka na kurudi na embe bichi na kijikaratasi chenye chumvi, sukari na pilipili. Wathai hula matunda machachu namna hiyo kila siku! Kumbe nilikuwa nimewaletea ladha yao kwa mti wasioujua. Asali nayo ikapata mtu wake, kaka mmoja wa Chanthaburi, kwao nyuki wasiouma hufugwa kwenye visanduku karibu na bustani za matunda. Alionja, akajua ni ya nyuki gani kabla sijasema. Tukabaki tukibishana juu ya mizinga, visanduku vyake na magogo yetu, hadi kipindi kikaanza.

Basi wewe unayejiandaa kwa safari kama hiyo, fanya manunuzi Majengo, usingoje maduka ya uwanja wa ndege Dar, ambako bei ni za watalii. Beba pakiti za ziada, kwani atatokea mtu ambaye hukumhesabu. Na kadi ya chanjo iweke kwenye begi la mkononi.