Kamongo, Kifaranga na Mgongo wa Mtoto: Safari ya Busia na Malaba



Mtu atokaye Mombasa akifika Busia huhisi kana kwamba hajaondoka kwao kabisa, kwani malori yaliyojipanga kuelekea mpakani yamebeba makasha yaliyoteremshwa Kilindini. Mimi nilifika huko wakati wa masika, si kwa biashara wala matembezi. Mdogo wangu, aliyeolewa huko, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mwenye mgongo wazi. Kidonda cha mgongoni kilifungwa kwa upasuaji katika wiki ya kwanza, lakini mtoto alipotimiza wiki sita kichwa kilianza kukua kupita kiasi, kwa maji yaliyokosa njia ndani ya ubongo. Madaktari wakawaelekeza Mbale, upande wa Uganda, kupitia mpaka wa Malaba. Kazi yangu ilikuwa kubaki na binti yao mkubwa, mwenye umri wa miaka saba.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda naye sokoni. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao huko huitwa omena, walikuwa wamelundikwa juu ya magunia. Kando yao alilala kamongo, samaki mrefu kama mkunga, mwenye mapezi membamba kama kamba. Muuzaji alitueleza kuwa samaki huyu ana mapafu: hupanda juu ya maji kuvuta pumzi, na akizuiwa hufa maji kama mwanadamu. Dimbwi likikauka hujizika topeni akangoja mvua. Dume ndiye alindaye mayai na watoto, na watoto hao huwa na matamvua yaliyochomoza nje ya mwili, mfano wa viluwiluwi.

"Mama mkubwa, huyu ni samaki kweli?" binti akaniuliza.

Nikamjibu kuwa ni samaki, tena mshipa wake mkuu wa fahamu hupita mgongoni, kama wake yeye, kama wa kuku, kama wa dagaa wale wadogo.

Mbele kidogo mama mmoja alikuwa akipima kumbikumbi waliokaushwa kwa gorogoro. Akatukaribisha tuonje. Nikamshukuru, nikamweleza kuwa sisi wa madhehebu ya Shafi hatuli wadudu isipokuwa nzige, naye akacheka, akasema basi tuwaachie wenyewe. Lakini kuwatazama hakukatazwi. Kumbikumbi hana mfupa ndani. Mifupa yake ni lile ganda la nje. Moyo wake uko upande wa mgongo, na mshipa wake wa fahamu umepita upande wa tumbo. Ndivyo alivyo pia kambakoche wetu wa pwani. Mwaka 1822 mtaalamu wa Ufaransa, Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, alitoa hoja kwamba ukimlaza kambakoche chali, viungo vyake vya ndani hujipanga kama vya mnyama mwenye uti wa mgongo. Wengi walimpinga, zaidi ya miaka mia na hamsini baadaye, uchunguzi wa nzi na chura ulionyesha kuwa hakukosea sana. Viumbe ni wengi wasiohesabika, lakini ramani za miili yao ni chache.

Usiku wa kuamkia safari ya Mbale, jirani alituita nyumbani kwake. Huangua mayai kwa mashine ndogo ya umeme, na siku hiyo ilikuwa ya saba, siku ya kuyapima. Alizima taa, akaliweka yai moja juu ya tochi. Ndani tuliona mishipa ya damu iliyosambaa kama miguu ya buibui, na katikati doa jeusi lililotikisika. Yai la kuku huchukua siku 21 kuanguliwa, lakini mgongo wa kifaranga huanza kufungwa mapema mno. Katika siku mbili za mwanzo, utando mwembamba bapa hujikunja pande zote mbili, kingo zake zikakutana na kushikana, likawa bomba. Bomba hilo ndilo ubongo na uti wa mgongo wa baadaye. Kwa mwanadamu kazi hiyo hiyo hukamilika yapata siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Pale kingo zisipokutana chini ya mgongo, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Mdogo wangu alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema, "Dada, mimi nilikosea wapi?"

Swali hilo alilibeba tangu alipojifungua. Wapo waliomwambia ni jicho la hasidi, wengine kuwa alipita mahali pabaya akiwa mjamzito. Nikamwomba ahesabu siku. Siku ya 28 yeye mwenyewe hakujua kuwa ana mimba. Sababu za mgongo wazi ni nyingi: urithi, ugonjwa wa kisukari, baadhi ya dawa za kifafa, na upungufu wa asidi ya foliki mwilini. Hakuna hata moja iliyo laana. Akalia, na jirani akaliwasha taa taratibu.

Alfajiri niliwasindikiza hadi Malaba, yeye, mumewe na mtoto. Niliwatazama wakivuka kuelekea Tororo na Mbale, nami nikarudi na binti. Huko Mbale iko hospitali ya watoto ya CURE, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari Mmarekani Benjamin Warf aliunganisha njia mbili za upasuaji: kutoboa kijitundu ndani ya ubongo ili maji yapate pa kupita, na kuchoma sehemu ya tishu zinazoyatengeneza. Faida yake ni kwamba watoto wengi hawahitaji tena mpira wa kudumu kichwani, ambao ukiziba, na hospitali iko mbali, mtoto huwa hatarini.

Walirejea wiki ileile mayai ya jirani yalipoanguliwa. Matatu hayakuanguliwa, na jirani hakumlaumu kuku. Kichwa cha mtoto kimeacha kukua kwa kasi, alhamdulillah. Miguu yake bado ina udhaifu, na hatujui kama atatembea bila msaada.

Akina mama na mabinti zetu, hili ndilo nililorudi nalo. Mwanamke anayetarajia kubeba mimba hushauriwa ameze mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya kumi na mbili. Akingoja kliniki ya kwanza, mara nyingi mgongo umekwisha kufungwa au kuachwa wazi. Nchini Kenya unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani huongezwa asidi hiyo kwa amri ya sheria tangu 2012, lakini ule tunaousaga wenyewe kinuni kwa kawaida hauna. Vidonge havizuii kila hali, ila huzuia nyingi. Aliyewahi kupata mtoto wa namna hii huhitaji kipimo kikubwa zaidi, kwa amri ya daktari.

Mdogo wangu amekwisha kumwona daktari wake. Vidonge viko juu ya rafu ya jikoni, karibu na sukari, mahali ambapo hatavisahau.