Kura yangu, kura zangu

Neno "kura" halibadiliki katika wingi. Kivumishi ndicho kinachofichua idadi. Kwetu Kongo tunasema "kura yangu", hata pale eneo la uchaguzi linapotoa wabunge kadhaa, maana tunachagua mgombea mmoja tu. Mpiga kura wa Arizona, ambako kila wilaya hutoa wawakilishi wawili, angesema "kura zangu": anazo mbili, kwa watu wawili tofauti. Basi walio wengi huweza kubeba viti vyote viwili.

Illinois ndiyo iliyonivutia. Katiba yake ya 1870 iliipa kila wilaya viti vitatu na kila mpiga kura kura tatu, ambazo aliweza kumlimbikizia mtu mmoja. Wachache waliozidi robo, wakishikamana, hawakukosa kiti. (Kulimbikiza, tukumbuke, ni kazi ya mwenye kidogo.) Mwaka 1980 wapiga kura wenyewe waliufuta mfumo huo, na viti vikapunguzwa kutoka 177 hadi 118. Mimi naona walitupa kitu cha thamani.

Kwetu viti hugawanywa kwa orodha, na sheria ya 2017 iliweka kizingiti: asilimia 1 ya kura za nchi nzima. "Kizingiti" ni tafsiri sahihi mno, kwani mgombea anayependwa kwao anaweza kukwama mlangoni pamoja na orodha yake. Shangazi yangu alimpigia mtu wa namna hiyo 2018. Hadi leo huniuliza: "Wewe unayesoma, kura yangu ilienda wapi?"