Dansi Tuliyofundishwa na Fundi Cherehani

Mtoto wa kaka yangu anaolewa mwezi ujao. Juzi alikuja nyumbani na simu mkononi, akanionyesha video ya hatua watakazocheza yeye na mwenzake wakati wa kufungua muziki ukumbini. Wamemlipa mwalimu, wamepangiwa hatua moja baada ya nyingine, na kila jioni wanazirudia mbele ya kioo huku video ikiwaongoza. Nikampa hongera. Ndipo akaniuliza: "Shangazi, nyinyi hamkuwa na video. Zile stepu mlikuwa mnazikumbukaje?"

Nilimjibu kwa kifupi, maana alikuwa na haraka ya kuwahi kikao cha harusi. Lakini swali lake halijaniacha. Ni swali zuri, na wenye jibu lake wanapungua kila mwaka. Wengi tumeshawazika.

Mimi nilijifunza dansi Magomeni, katika kibanda cha fundi cherehani. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, suruali yake imenyooka kwa pasi hata siku za mvua. Alitushonea magauni sisi mabinti tuliokuwa tukifanya kazi maofisini na viwandani. Mimi nilikuwa karani mpiga chapa. Kibanda kilinuka mafuta ya cherehani, mkaa wa pasi na kitambaa kipya ambacho hakijaguswa na maji. Hadi leo nikipita mahali panapopigwa pasi ya mkaa, miguu yangu hutaka kuanza.

Fundi alikuwa amejifunza dansi yake ujanani, miaka ya hamsini, katika ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja. Rika lake lilicheza waltz, foxtroti, kwikstepu na tango, wanaume wamevaa suti na tai katika joto la Dar es Salaam. Rumba waliipata kwenye santuri za GV, zilizobeba muziki wa Kuba, na kwa bendi za hapa nyumbani kama Cuban Marimba ya Salum Abdallah kule Morogoro, bendi ambayo jina lake peke yake lilitaja ilikochota. Fundi hakuwa na cheti cha kufundisha chochote. Alikuwa na gramafoni, sakafu ya saruji, na moyo ambao sijauona kwa mtu mwingine.

Jioni ya Ijumaa alifunika cherehani, akasukuma meza ya kukatia hadi ukutani, kisha akachukua chaki ile ile ya kuchorea vitambaa na kuchora mraba sakafuni. Mraba mdogo, wa watu wawili waliosimama karibu. "Ukitoka nje ya hapa," alisema, "umemkanyaga mke wa mtu." Alijua kumbi zilivyojaa mwisho wa mwezi. Waltz ilihitaji uwanja wa kuzunguka. Rumba yetu ilihitaji watu wajue kukaa mahali pamoja na bado wawe safarini. Ilikuwa kazi ngumu. Wapo waliojaribu majuma mengi na kila mara wakatoka na chaki kwenye soli.

Hatua zake alizipa majina ya ushonaji, na hapa ndipo ilipo sehemu ya jibu la swali la binti yetu. Kulikuwa na kukata, ile hatua ya kwanza ya pembeni inayowafungulia njia. Kulikuwa na bandi, mwendo mwepesi wa kurudiarudia ili wawili mzoeane uzito. Mshono ulikuwa kutembea bega kwa bega. Marinda yalikuwa mizunguko midogo inayofuatana chini ya mkono wa mwanamume. Pindo ilikuwa binti kutupwa nje na kurudishwa. Kifungo kilikuwa kufunga, miguu pamoja, wimbo umekwisha. Sisi sote tulikuwa tumeona gauni likishonwa tangu kitambaa hadi mwilini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba pindo haiji kabla ya mshono, wala kwamba kifungo hakitiwi kwenye nguo isiyokatwa. Mfuatano ule haukutoka kichwani hata tulipokaa miezi bila kucheza.

Jambo la pili alilotufundisha lilikuwa gumu zaidi. Alitukataza kutazama miguu. Mara nyingine alitufunga macho kwa kipande cha kitambaa kilichobaki na kutuambia tusikilize mgongo. Kiganja cha mwanamume hukaa chini ya kombe la bega la mwanamke, na habari zote hupita hapo. Kikizama kidogo, tunasonga. Kikilegea, nabaki nilipo. Kikipanda, mkono wangu wa kulia ujiandae kwa marinda. Wanaume nao aliwaambia waseme kitu kimoja kwa mkono na wakiseme mapema, kwa sababu mwanamke si gari la mizigo la kusukumwa dakika ya mwisho.

Basi naweza kusema hivi bila kusitasita: mimi peke yangu sikuwahi kuijua pindo. Niliijua nikiwa mikononi mwa mtu. Nusu ya hatua ilikaa kwangu na nusu ilikaa kwake, na zilikutana pale tu tuliposhikana. Ukiniambia nisimame sebuleni nikuonyeshe, nitababaika. Nipe mtu mwenye mkono unaosema, na wimbo unaostahili, nitakuchezea yote niliyofundishwa. Fundi alilijua hilo, ndiyo maana kila wimbo ulipokwisha alitubadilisha wenzi. Hakutaka hatua igande kwa mtu mmoja. Alitaka iwe mali ya wote waliokuwa chumbani, ili aliyesahau akumbushwe na mkono wa mwenziwe.

Sehemu nyingine ya kumbukumbu ilikaa kwenye muziki wenyewe. Nyimbo za dansi za wakati ule zilikuwa na nyumba yake, na kila chumba kilikuwa na kazi. Magitaa yalifungua, tarumbeta na saksafoni zikaitikia, kisha mwimbaji akaanza kusimulia: mapenzi, barua, ndugu wasiojali, mjini kugumu. Hapo mlishikana na kupiga bandi taratibu, mkisikiliza kisa. Kiitikio kilipoingia mlifungua mshono. Halafu ngoma zikabadilika, gitaa la solo likaanza kurukiana na la rizimu, besi ikashuka, na chemko ikaingia. Kwenye chemko watu waliachiana, wakacheza kwa nafasi, kila bendi na mtindo wake. Wimbo ulikuambia ufanye nini. Aliyesikiliza hakusahau.

Na mitindo ilikuwa na majina ambayo kila mtoto wa mjini aliyajua. Bendi ya Western Jazz na Saboso yake, Tabora Jazz na Segere Matata, Afro 70 na Afrosa. Mbaraka Mwinshehe pale Morogoro Jazz alikuwa na Likembe na Sululu, kisha akaenda na Masika alipounda Super Volcano. Vijana Jazz walikuja na Kokakoka, baadaye Pamba Moto. Maquis waliotoka Zaire walituletea Kamanyola, na wito wao ulikuwa kuicheza bila jasho, nasi tuliuchukulia kama somo: anayetoka jasho wimbo wa kwanza anatumia nguvu pasipohitaji nguvu. Mtindo haukuwa pambo la jina. Ulikuwa na mdundo wake na hatua zake. Sikinde ya bendi ya Mlimani Park ilitoka kwenye ngoma ya Wazaramo, na miguu ya wenyeji wa Pwani iliitambua kabla bendi haijaeleza lolote. Niliwaona wanawake watu wazima, waliozaliwa Kisarawe na Maneromango, wakisimama kwenye chemko na kucheza walichokuwa wakikicheza tangu usichana wao, ila sasa kwa magitaa ya umeme.

Dada yangu hushikilia kwamba tuliisikia Sikinde kwa mara ya kwanza mwaka 1977. Haiwezekani, kwa kuwa Mlimani Park ilianzishwa 1978, na iliingia mikononi mwa shirika la DDC mwaka 1983. Basi iwe 1979, au 1980. Lililo hakika ni gauni: la buluu, marinda mengi kiunoni, na fundi alikataa kulipwa mpaka aone linavyozunguka ukumbini. Alikuja ukumbi wa DDC Kariakoo usiku ule pamoja na mkewe. Mwimbaji Muhiddin Gurumo alikuwa jukwaani pamoja na mwanamuziki mwenzake King Michael Enoch. Fundi hakucheza nami. Alikaa na soda yake akitazama, na tulipokwisha aliniita mezani akasema, "Marinda umeyaharakisha, lakini pindo imekaa." Nimepokea sifa nyingi maishani, za kazini na za kanisani. Hiyo naiweka juu.

Ukumbi nao ulifundisha. Sisi tulianzia kwenye bugi, dansi ya mchana ya vijana siku za sikukuu, tukarudi nyumbani kabla giza halijaingia. Tulipokuwa watu wazima tukaenda usiku, na huko kulikuwa na utaratibu. Mwanamume aliyetaka kucheza na mimi alikuja mezani, akawaamkia waliokaa nami, akamwomba ruhusa kaka yangu au shemeji, ndipo akanyoosha mkono. Ukimkatalia mmoja, wimbo ule hukusimama na mwingine. Wimbo ukiisha alikurudisha ulipokuwa umeketi. Mtaani walikuwapo waliosema msichana anayekwenda dansini hana adabu. Mimi nasema mahali nilipotunziwa heshima kuliko ofisi nyingi nilizopitia ni DDC Kariakoo na Magomeni Kondoa, Jumamosi usiku.

Wazee walicheza kando yetu. Hilo nalikumbuka kwa uchungu kuliko yote, kwa kuwa ndilo lililotoweka mapema. Mzee wa Pugu Road aliyecheza kwikstepu mwaka 1955 alisimama karibu na kijana wa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, na kijana akaiba kwa macho. Hakuna aliyelipa. Hakuna aliyeitwa mwalimu. Juma hili unaiba namna ya kufunga, juma lijalo unaijaribu, mwenye nayo anakuona na kutikisa kichwa, juma la tatu imekuwa yako. Ndivyo hatua zilivyotunzwa: kwa kurudi ukumbi ule ule, kwa bendi ile ile, mbele ya watu wale wale.

Kisha mambo yakaenda mbio. Disko liliingia na watu wakaachiana mikono tangu mwanzo wa wimbo. Kumbi nyingine ziligeuzwa maghala, nyingine baa za televisheni. Mwimbaji Hemed Maneti alifariki 1990, mwimbaji mwenzake Marijani Rajab 1995. Mwishoni mwa miaka ya tisini bendi zikajaza wanenguaji jukwaani, vijana hodari kweli, siwaondolei haki yao, ila waliolipa kiingilio wakageuka watazamaji. Ukumbi mzima umekaa, unamtazama mtu mmoja akicheza! King Michael Enoch akatutoka, mwimbaji TX Moshi William akatutoka, na mwaka 2014 tukamzika Gurumo. Fundi alikuwa ameshatangulia zamani. Kibanda chake ni duka la vifaa vya simu.

Sasa naenda kwenye harusi na ninarudi nimechoka moyo. Spika ni kubwa kiasi kwamba besi haisikiki, inatetemesha kifua tu. Maharusi wanafungua muziki wakiikabili kamera, wakihesabu midomoni, na hatua walizozifanyia mazoezi mwezi mzima zinakwisha pamoja na dakika zao tatu. Mwezi mmoja baadaye waulize, hawanazo tena. Zilitunzwa kwenye simu, na simu haina mgongo. MC akishamaliza nao, anawaita wageni wacheze kwa safu, kila mtu peke yake, mume hapa na mke kule.

Na bado njaa ya kushikana ipo. Najua vijana Dar es Salaam na Nairobi wanaolipa fedha kujifunza salsa na kizomba, na nawapenda kwa hilo. Wanahesabu kwa Kiingereza, wananunua viatu maalumu, wanabadilishana wenzi kama alivyotubadilisha fundi. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna anayewaambia kuwa ile Kuba wanayoifuata mbali ilishafika Morogoro, Tanga na Tabora kabla wazazi wao hawajazaliwa, ikakaa, ikaoana na ngoma zetu, ikazaa. Desemba 2021 UNESCO iliitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa sababu Kinshasa na Brazzaville walikaa wakaandika na kudai. Sisi tunayo kanda za Redio Tanzania, sauti nzuri ajabu. Lakini kanda inahifadhi sauti. Viuno na viganja vilivyocheza sauti ile haviko kwenye kanda yoyote.

Binti yetu nimemwambia aje Jumamosi pamoja na mchumba wake, waache simu mlangoni. Na wewe unayesoma, ukiwa na mama, baba, shangazi au jirani aliyewahi kucheza enzi hizo, usimwombe akusimulie. Hatakumbuka, na atadhani amezeeka. Weka wimbo mrefu wa bendi ya Sikinde au ya Msondo, wote hadi chemko. Simama mbele yake, mwombe ruhusa kwa adabu, mpe mkono. Fanya hivyo mwaka huu.